Bima ya afya: Kompyuta isipomjua mlipaji, anayeumia ni mgonjwa

Na Mwandishi Wetu

KWA mgonjwa mwenye kadi ya bima, safari ya matibabu huanzia dirisha la mapokezi na kuishia dirisha la dawa. Akishatia saini fomu na kukabidhiwa vidonge vyake, hurejea nyumbani akiamini kwamba shughuli imekwisha.

Kwa hospitali, shughuli ndiyo kwanza inaanza. Fomu iliyotiwa saini imegeuka kuwa dai. Dawa zimekwishatoka stoo, mshahara wa daktari unasubiri, bili ya umeme inasubiri, lakini fedha za kulipia vyote hivyo bado zimo mfukoni mwa mtu mwingine, yaani mlipaji, awe mfuko wa umma, kampuni ya bima ama mwajiri.

Siku hizi kati ya dai na fedha hizo husimama programu ya kompyuta. Kabla programu hiyo haijafanya jambo jingine lolote, hulazimika kujibu swali moja: ni nani anayelipa dai hili, na masharti yake ni yapi?

Swali hilo linaonekana jepesi, lakini jibu lake ndilo linaloamua kama kituo cha afya kitalipa mishahara mwisho wa mwezi ama kitaanza kuwaambia wagonjwa kwamba kadi fulani haipokelewi tena.

Tanzania imekwisha kupitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, mwaka 2023, na kadi za bima zinatarajiwa kuwa nyingi kuliko ilivyopata kutokea. Ni wakati mwafaka wa kulitazama swali hilo, na kuitazama Marekani, nchi iliyohangaika nalo tangu mwaka 1996 na ambayo hadi leo haijalimaliza.

Orodha mbili na daraja lake

Programu ya madai, iwe ya hospitali kubwa ya rufaa au ya zahanati ya mtaani, hubeba orodha mbili. Orodha ya kwanza ni ya majina ya walipaji, kama karani wa mapokezi anavyoyaona kwenye kompyuta yake.

Orodha ya pili ni ya masharti. Mlipaji huyu anataka dai lifike ndani ya siku ngapi? Ni vipimo gani vinavyohitaji kibali cha awali? Namba ya mwanachama wake ina tarakimu ngapi? Anatumia bei ipi? Anakubali dawa za siku ngapi kwa mara moja? Je, hukataa huduma mbili za aina moja zilizotolewa siku moja?

Kati ya orodha hizo mbili ni lazima pawepo daraja. Karani akichagua jina, daraja huipeleka programu kwenye masharti ya mlipaji husika, na dai hukaguliwa kwa masharti hayo kabla halijatumwa. Kasoro ikionekana, hurekebishwa mgonjwa angali palepale na kadi yake mkononi.

Daraja likielekeza kusikostahili, hakuna king'ora kinacholia. Programu hulikagua dai kwa umakini wote, lakini kwa masharti ya mlipaji mwingine, kisha hutoa alama kwamba dai ni safi. Kosa hujulikana baadaye, dai linaporudishwa, wakati mgonjwa amekwisha kuondoka na siku za kuwasilisha upya zinayoyoma.

Hapo ndipo kosa hili linapotofautiana na makosa mengine ya ofisini. Karani akikosea tarehe ya mgonjwa mmoja, limeharibika dai moja. Daraja likikosewa kwa mlipaji mmoja, yameharibika madai yote ya mlipaji huyo, pengine ya mwezi mzima, na yote kwa namna ileile.

Hospitali kubwa huweza kulihimili pigo la namna hiyo kwa sababu ina walipaji wengi na akiba benki. Zahanati ambayo sehemu kubwa ya wagonjwa wake wanatoka mfuko mmoja haina kinga hiyo.

Mtego wa majina

Kwa nini daraja likosewe? Sababu ya kwanza ni majina. Binadamu huwatambua walipaji kwa majina, na majina hayana nidhamu. Karani mmoja huandika jina la kampuni kwa kirefu, wa pili kwa kifupi, wa tatu huongeza neno "Tanzania" mwishoni, wa nne hukosea herufi moja.

Kwa binadamu hilo ni jina moja. Kwa kompyuta hizo ni kampuni nne, na huenda ni moja tu kati yake iliyounganishwa na masharti yoyote.

Wapo watengenezaji wa programu wanaojaribu kulitibu tatizo hilo kwa kuifanya kompyuta ikisie, kwamba majina yakikaribiana yahesabiwe kuwa ni ya mlipaji mmoja. Tiba hiyo huweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Tuchukue herufi nne ambazo wakazi wa Dar es Salaam na wa Nairobi wanazijua vyema: NHIF. Kwa Tanzania, hizo ni herufi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kwa Kenya, zilikuwa herufi za mfuko wa taifa wa bima ya hospitali ulioanzishwa mwaka 1966, ambao Oktoba 1, 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Herufi ni zilezile, lakini nchi ni mbili, sheria ni mbili, sarafu ni mbili, na mmoja kati ya mifuko hiyo umekwisha kufutwa. Programu inayouzwa pande zote mbili za mpaka, na inayomtambua mlipaji kwa jina pekee, imejitegea mtego yenyewe.

Sababu ya pili ni kwamba jina lililopo kwenye kadi si lazima liwe la mlipaji. Kadi huweza kubeba nembo ya mwajiri aliyeamua kuwagharimia wafanyakazi wake mwenyewe, ama ya wakala anayesimamia mpango kwa niaba ya wengine. Vilevile, kampuni moja ya bima huweza kuwa na mipango mitatu au minne, kila mmoja na bei zake, hospitali zake na vibali vyake.

Sababu ya tatu ni chanzo cha maradhi. Fundi aliyevunjika mguu Jumapili akicheza mpira ni mgonjwa wa bima yake ya afya. Fundi huyohuyo akivunjika mguu huohuo Jumatatu akiwa kazini, jukumu linahamia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kadi haijabadilika, mgonjwa hajabadilika, lakini mlipaji amebadilika. Karani asipouliza mguu ulivunjikia wapi, programu haiwezi kujua.

Sababu ya nne, na ambayo husahaulika kuliko zote, ni tarehe. Masharti yana siku ya kuzaliwa na siku ya kufa.

Wasomaji watakumbuka mvutano wa mwanzoni mwa mwaka 2024, NHIF ya Tanzania ilipotangaza kitita kipya cha mafao, na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wa mfuko huo zikidai kwamba bei mpya hazikidhi gharama. Mjadala ule ulikuwa wa bei, na ulistahili nafasi uliyopewa.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo jingine ambalo halikupewa nafasi hiyo. Kitita kipya kilianza kutumika Machi 1, 2024. Mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29. Mgonjwa aliyetibiwa Februari 29 na mgonjwa aliyetibiwa kesho yake wana mlipaji mmoja na kadi za rangi moja, lakini masharti yao ni mawili. Na aliyelazwa Februari 28 akaruhusiwa Machi 2, bei yake ni ipi?

Programu iliyofuta bei za zamani na kuweka mpya usiku wa kuamkia Machi mosi, bila kuzihifadhi zile za awali pamoja na tarehe zake, isingeweza kuandaa kwa usahihi madai ya Februari ambayo yalikuwa hayajatumwa. Kumjua mlipaji pekee hakutoshi. Ni lazima mfumo umjue mlipaji kama alivyokuwa siku ile mgonjwa alipohudumiwa.

Marekani ilivyojikwaa

Agosti 21, 1996, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria inayofahamika kwa kifupi chake cha HIPAA. Wengi wanaijua kama sheria ya usiri wa taarifa za wagonjwa. Sehemu yake nyingine, isiyotajwa sana, iliagiza kwamba madai yote ya matibabu yanayotumwa kwa njia ya kompyuta yawe na muundo mmoja nchi nzima.

Lengo lilikuwa jema. Kabla ya hapo kila kampuni ya bima ilidai fomu yake, na hospitali ililazimika kuzijua zote. Baada ya kuahirishwa, muundo huo mmoja ulianza kuwa wa lazima Oktoba 2003. Januari 1, 2012 ulibadilishwa kwa toleo jipya, na Oktoba 1, 2015 nchi hiyo ikahamia katika orodha mpya ya kimataifa ya namba za magonjwa.

Kilichosawazishwa, hata hivyo, kilikuwa bahasha. Kilichotakiwa kuwamo ndani ya bahasha kiliendelea kutofautiana. Kila mlipaji alitoa mwongozo wake wa ziada unaoeleza nafasi hii ijazwe nini na ile iachwe vipi. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hupokea madai hadi mwaka mmoja tangu siku ya huduma, wakati kampuni binafsi huweka muda wake kwa mkataba, na mara nyingi muda huo ni mfupi zaidi.

Ndiyo maana programu za madai za Marekani zilijengewa uwezo wa kubeba masharti ya kila mlipaji peke yake. Na ndipo swali letu lilipojitokeza upya: programu itamjuaje mlipaji?

Sheria ile ya mwaka 1996 ilikuwa na jibu. Iliagiza kwamba kila mtoa huduma na kila mpango wa bima upewe namba ya kitaifa. Kwa watoa huduma agizo lilitekelezwa. Tangu Mei 2007 daktari au hospitali ya Marekani hutambulika kwenye madai kwa namba moja ya tarakimu 10, popote anapodai.

Kwa walipaji haikuwa hivyo. Kanuni ya kuwapa namba ilisubiri hadi Septemba 2012. Mipango mikubwa ilitakiwa iwe imepata namba hizo ifikapo Novemba 5, 2014. Oktoba 31, siku tano kabla ya tarehe hiyo, serikali ilitangaza kusitisha utekelezaji. Mwaka 2019 kanuni ikafutwa rasmi.

Hoja ya waliopinga haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba wakati serikali ikichelewa, soko lilikuwa limejitafutia njia. Kampuni za kati, ambazo hupokea madai kutoka hospitalini na kuyafikisha kwa walipaji mithili ya posta, zilikuwa zimekwisha kuwapa walipaji namba zao na shughuli zilikuwa zikienda. Kuanza upya kungegharimu fedha nyingi bila faida inayoonekana.

Lakini posta ni nyingi, na kila posta ina namba zake. Mlipaji mmoja huweza kuwa na namba moja kwenye kampuni hii ya kati na namba nyingine kwenye kampuni ile. Jedwali linalounganisha namba hizo na masharti limebaki kuwa kazi ya kila mtengenezaji wa programu na ya kila hospitali, na ni kazi isiyokwisha.

Mifano ya jinsi karani wa Marekani anavyoweza kupotea ni mingi. Mzee anafika mapokezi na kadi ya Medicare yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Karani anachagua "Medicare". Kumbe mzee huyo alikwisha kujiunga na mpango wa kampuni binafsi unaotoa mafao ya Medicare kwa niaba ya serikali, kama walivyofanya zaidi ya nusu ya wenye sifa ya kuchagua mipango hiyo kufikia mwaka 2023. Dai likitumwa Medicare, linarudi.

Mfano mwingine ni wa kundi la Blue Cross Blue Shield, ambalo kwa jina linaonekana kama kampuni moja, kumbe ni kampuni zaidi ya 30 zinazojitegemea. Mgonjwa wa jimbo moja akitibiwa katika jimbo jingine, kwa kawaida hospitali hupeleka dai kwa kampuni ya kundi hilo iliyopo mahali pa matibabu, nayo huwasiliana na ile iliyotoa kadi. Alama tatu za mwanzo wa namba ya mwanachama ndizo zinazoonyesha anatoka wapi. Anayesoma nembo na kuziacha alama hizo atakuwa amekosa njia.

Upo pia mfano wa mfanyakazi aliyefikisha miaka 65 na bado yupo kazini. Ana bima mbili, ya mwajiri na ya serikali. Kama mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, bima ya mwajiri hutangulia kulipa. Wakiwa pungufu, kwa kawaida Medicare hutangulia. Kwa hiyo idadi ya watu katika ofisi ambayo karani hajawahi kufika ndiyo inayoamua dai liende wapi kwanza.

Siku posta ilipofungwa

Gharama ya kukosa utaratibu mmoja ilionekana Februari 21, 2024. Siku hiyo wahalifu wa mtandao waliishambulia Change Healthcare, kampuni ya kati iliyo chini ya UnitedHealth Group, ambayo ilikuwa ikipitisha miamala ipatayo bilioni 15 kwa mwaka. Kampuni ililazimika kuzima mitambo yake.

Hospitali, kliniki na maduka ya dawa nchi nzima yakajikuta yana madai lakini hayana pa kuyapeleka. Baadaye Mtendaji Mkuu wa UnitedHealth wa wakati huo, Andrew Witty, alithibitisha mbele ya Bunge la Marekani kwamba wahalifu walilipwa kikombozi cha dola milioni 22. Watu walioguswa na wizi wa taarifa walikadiriwa kufikia milioni 190.

Mtu angedhani kwamba posta moja ikifungwa, barua hupelekwa nyingine. Kwa madai haikuwa rahisi hivyo. Kuhama kulimaanisha hospitali ijiandikishe upya kwa walipaji mmoja baada ya mwingine, na jedwali la namba za walipaji lililojengwa kwa miaka lilinganishwe upya na namba za kampuni mpya. Machi 5, 2024 serikali iliwaagiza mawakala wanaochakata madai ya Medicare waharakishe uandikishaji huo.

Shambulio lilifanywa na wahalifu, na lawama ni yao. Lakini sehemu ya ugumu wa kuhama ilitokana na jambo ambalo sheria iliagiza mwaka 1996 na halikufanyika, yaani kila mlipaji kujulikana kwa namba moja kila mahali.

Sisi tusimame wapi?

Tanzania haina walipaji wengi kama Marekani, na hiyo ndiyo bahati yetu. NHIF ipo. Upo Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (iCHF) kwa wananchi wa sekta isiyo rasmi. Zanzibar ina Mfuko wa Huduma za Afya. Upo WCF kwa walioumia kazini, na zipo kampuni binafsi zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Sheria ya mwaka 2023 inatambua skimu za umma na za binafsi, kwa hiyo walipaji wataendelea kuwa zaidi ya mmoja.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuwa na mlipaji mmoja tu. Kenya inatoa somo hapa. Sheria yake ya mwaka 2023 iliweka mamlaka moja, SHA, lakini chini yake kuna mifuko mitatu, wa huduma za msingi, wa bima ya afya ya jamii, na wa dharura pamoja na magonjwa sugu na mahututi. Ngazi ya kituo, aina ya huduma na kiasi cha mafao ambacho mgonjwa amekwisha kutumia ndivyo vinavyoamua fedha zitoke mfuko gani.

Maana yake ni kwamba hata mlipaji akiwa mmoja kwa jina, masharti yanaweza kuwa matatu. Swali halifutiki, linahama tu kutoka nje ya mamlaka kwenda ndani yake.

Tunayo pia ya kujivunia. Mfumo wa kompyuta wa IMIS, uliobuniwa kwa ajili ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa msaada wa Uswisi, ulianza kutumika hapa nchini mwaka 2012. Baadaye ulifunguliwa kwa dunia nzima kwa jina la openIMIS, na Nepal ni miongoni mwa nchi zilizoutumia kwa bima yake ya taifa. Katika mfumo huo, huduma zinazolipiwa na ukomo wake hufungwa kwenye mpango mahususi ambao mwanachama amejiunga nao.

Hilo ndilo wazo linalopaswa kuwa kanuni kwa kila programu inayouzwa hospitalini. Masharti yafungwe kwenye mpango wenye namba, na jina libaki kuwa la kusomwa na binadamu. Kila sharti liwe na tarehe ya kuanza na ya kukoma, na dai lipimwe kwa tarehe ya huduma badala ya tarehe ya kutumwa.

Aidha, programu isipomtambua mlipaji, isimame na kuuliza. Programu nyingine zikishindwa kupata masharti mahususi hutumia masharti ya jumla, ama hulipitisha dai bila ukaguzi wowote, ili kazi isikwame. Karani huona alama ya kijani na kuamini kwamba dai limekaguliwa, kumbe halikukaguliwa. Dai lililosimamishwa asubuhi kwa swali moja ni nafuu kuliko dai lililorudishwa baada ya miezi miwili.

Kwa upande wa hospitali, ni lazima awepo mtu mmoja anayemiliki daraja hilo. Katika vituo vingi kazi hii haina mwenyewe, kwani fundi wa kompyuta husema ni ya uhasibu, mhasibu husema ni ya mapokezi, na mapokezi husema ni ya fundi. Madai ya mlipaji mmoja yakirudi kwa wingi kwa sababu moja, hiyo ni dalili kwamba daraja lina kasoro, na anapaswa awepo mtu anayeiona wiki ileile.

Hata hivyo, hospitali haiwezi kujenga daraja kama upande wa pili haujulikani ulipo. Hapo ndipo wajibu wa mamlaka unapoingia. Kinachohitajika ni daftari moja la wazi, linalotunzwa na msimamizi wa sekta, lenye kila skimu na kila mpango, namba yake isiyobadilika, anayelipa hasa, na tarehe za masharti yake. Mlipaji akibadili sharti, aliandike humo siku za kutosha kabla halijaanza kutumika.

Walipaji wanaweza kuwa na shaka. Mifuko na kampuni za bima zimelalamikia udanganyifu kwa muda mrefu, na zina haki ya kulinda michango ya wanachama kwa masharti makali. Wapo pia watakaosema kwamba ushindani wa kibiashara unahitaji kila kampuni iwe na utaratibu wake.

Lakini hakuna anayedai masharti yawe mamoja. Mwenye nyumba ana uhuru wa kupanga vyumba vyake apendavyo, ila namba ya nyumba iwe mlangoni, ionekane. Tena sharti linalojulikana mapema humzuia mdanganyifu mapema, ilhali sharti linalojulikana kwa dai kurudishwa humwadhibu pia yule aliyetibu kwa uaminifu.

Marekani iliahirisha daftari hilo kwa miaka 23, kisha ikaliacha kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kujitengenezea la kwake. Sisi bado hatujafika huko. Walipaji wetu wanahesabika, na sheria ya bima kwa wote bado ni changa. Kila mwaka unaopita, programu mpya hununuliwa, majedwali mapya huundwa vyumbani, na gharama ya kuyaunganisha huongezeka.

Mwisho wa yote, mgonjwa hajui habari za majedwali. Anachojua ni kwamba mwezi uliopita kadi yake ilipokelewa na mwezi huu ameambiwa alipe fedha taslimu kwanza. Hataambiwa kwamba hospitali imechoka kudai, wala kwamba chanzo ni jina lililoandikwa vibaya kwenye kompyuta.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Michango ya bima ni mali ya wananchi, na daftari linalokosekana ni lile la kuonyesha nani anamlipia nani, kwa masharti gani, na tangu lini. Kuliandika sasa ni kazi ya miezi. Tukingoja kadi zijae mifukoni mwa wananchi wote, itakuwa kazi ya miaka, na gharama yake itatoka katika michango hiyohiyo.